Milima ya Uluguru na Njaa ya Kiwanja

Uwanja wa Jamhuri, Morogoro mjini, umekaa miguuni pa mlima. Mtazamaji akiinua macho kidogo anaiona Uluguru, na kilele cha Lupanga chenye urefu wa mita 2,138 mara nyingi kimejifunika wingu. Chini huku kuna nyasi, jukwaa na mistari ya chokaa. Kule juu, Tegetero, Kinole, Bunduki na Nyandira, watoto wanacheza mpira huohuo mahali ambapo goli moja liko juu na jingine liko chini, na mpira ukivuka mstari bila kuzuiwa na mgomba unateremka hadi bondeni. Kuufuata ni zamu, na aliyeufuata akirudi amechoka kuliko waliokuwa wakicheza.

Kwa miaka mingi tumesikia kwamba michezo ni nyenzo ya maendeleo ya jamii. Ni kweli, nami naamini hivyo kwa dhati. Lakini Uluguru inatudai tuanze na swali ambalo watu wa tambarare hawalazimiki kujiuliza: mchezo huo utachezwa wapi, na ardhi hiyo ni ya nani?

Kiwanja cha kimataifa cha mpira wa miguu kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Hiyo ni karibu eka moja na robo tatu. Kwa mtu wa Kilombero au Dakawa, ambako mashamba ya mpunga yanakwenda hadi macho yanachoka, eka moja na robo tatu ni kipande tu. Kwa mtu wa Mgeta, huku milimani, ni utajiri. Zipo kaya milimani ambazo vipande vyao vyote vikikusanywa, cha karoti kule, cha maharage huku, cha viazi ng'ambo ya kijito, havifikii ukubwa huo. Kila sehemu iliyolala kidogo tayari ina kazi: nyumba, shule, kanisa, msikiti, gulio, makaburi. Kutoa ardhi ya namna hiyo ili vijana wapige mpira ni kutoa kitu kikubwa, na anayekiomba lazima ajue anaomba nini.

Na anayekiomba anamwomba nani? Waluguru hufuata ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ya ukoo hushikwa na watoto wa mama mmoja, wa bibi mmoja, na neno la mjomba lina uzito katika kuigawa. Sheria na soko vimebadilisha mengi. Wapo wanaume wanaowarithisha watoto wao, yapo mashamba yanayouzwa na kununuliwa, lakini hadi leo ukitaka kujua kwa nini kipande fulani hakiguswi, jibu linaanza na jina la mwanamke aliyekwishafariki zamani. Mradi wa michezo unaofika kijijini ukazungumza na ofisi peke yake, bila kuketi na wazee wa ukoo na akina bibi, unajenga juu ya ardhi ya watu.

Milima hii imewahi kuona mradi wa namna hiyo. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda udongo na maji. Matokeo kwa mkulima yalikuwa mengine: udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, ule wa chini usiootesha ukaletwa juu, na siku za kazi zikaliwa na matuta. Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Watu haohao ndio wanaojua kuhifadhi udongo wa mteremko kuliko bwana shamba yeyote aliyetumwa. Huko Mgeta ngazi za mashamba zipo na zinalimwa. Walichokataa ni amri.

Nautaja mwaka 1955 kwa sababu kuchonga kiwanja milimani ni kuchimba tuta kubwa kupita yote. Unakata upande wa juu, unajaza upande wa chini, unakaza ukingo kwa mawe na matete, unatoa mfereji pembeni ili mvua za masika zisije zikaondoka na goli la kusini. Ni majembe ya watu wengi kwa siku nyingi. Kazi hiyo haifanyiki kwa kuamriwa. Inafanyika pale ambapo mama mwenye shamba la jirani anajua maji yatakayotoka kiwanjani hayataingia kwenye maharage yake, na pale ambapo aliyetoa ardhi ametajwa mbele ya watu na kushukuriwa.

Ndiyo maana nasikitika kuona jinsi michezo inavyopelekwa vijijini kwetu. Kinachotangulia ni jezi. Kila unapokaribia uchaguzi, mipira na jezi hupanda mlima, mashindano hupewa jina la mheshimiwa, yanachezwa majuma machache, bingwa anapewa mbuzi, mbuzi analiwa jioni ileile. Vijana wanafurahi, na furaha yao ni halali. Lakini mwaka unaofuata jezi zimechanika, mpira umepasuka kibofu, na kiwanja ni kilekile, au kimepungua, kwa sababu shule imehitaji madarasa mapya na mahali pa kujenga palipokuwa wazi ni kiwanjani. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Mwalimu mkuu anahitaji madarasa. Ila kiwanja kisichoandikwa popote kila anayehitaji nafasi anakiona kuwa nafasi tupu.

Tunajua michezo ya shule inavyoweza kutoweka kwa uamuzi mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa nchini, na rika zima la wanafunzi likapita shule bila kusafiri hata mara moja kwenda kushindana na shule nyingine. Mjini mtoto wa namna hiyo alikuwa na timu ya mtaa. Milimani shule ndiyo iliyokuwa na kiwanja, mpira na mwalimu wa michezo. Iliponyamaza shule, kijiji kizima kilinyamaza.

Sasa niseme kinachotokea pale ambapo kiwanja kipo na timu imedumu, maana hapo ndipo ninapoona maendeleo yenyewe. Timu ya kijiji ni chama. Ina nahodha, katibu, mweka hazina, ina mchango wa kila mechi, ina faini ya kuchelewa. Mwenzao akifiwa, timu ndiyo inayoshika sepetu kuchimba kaburi. Daraja la miti likisombwa na maji, timu ndiyo inayoitwa kwanza, kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji anajua mahali pa kuwakuta vijana ishirini kwa pamoja saa kumi na moja jioni. Kijana aliyejifunza kutunza daftari la michango ya timu anaweza kutunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinavyoundwa haraka ili kupata mkopo huo huvunjika baada ya marejesho ya kwanza, kwa kuwa watu hawakuwa wakijuana. Timu iliyocheza pamoja misimu mitano inajuana. Inajua nani hukasirika akifungwa na nani hakimbii jahazi likizama. Maafisa maendeleo ya jamii wa Morogoro Vijijini na Mvomero wangefanya vema kuanza kutafuta vikundi vyao kiwanjani.

Kwa watu wengi mjini, habari ya michezo na maendeleo maana yake ni vipaji. Morogoro ina sababu ya kujivunia. Shomari Kapombe alichezea Polisi Morogoro kabla ya kwenda Simba mwaka 2011. Dickson Job, nahodha wa Serengeti Boys iliyocheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 huko Gabon mwaka 2017, alipita Mtibwa Sugar kabla ya kufika Yanga. Mtibwa yenyewe, timu ya kiwanda cha sukari kutoka Turiani, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000 mfululizo, na kuwaonyesha watu wa Dar es Salaam kwamba kombe linaweza kulala shambani. Nawaheshimu sana vijana hao na waliowalea. Lakini hesabu ya vipaji ni hesabu ya mmoja kati ya maelfu, na mara nyingi huyo mmoja huondoka. Kijiji kinabaki na wale wengine wote, na swali la maendeleo ni lao.

Kati ya hao wengine wote, nusu hawamo kabisa kwenye picha. Saa kumi na moja jioni wavulana wako kiwanjani. Wasichana wako mtoni, au njiani na mzigo wa kuni. Wakiwa wadogo walicheza rede na kombolela na wavulana, wakakimbia nao mteremko. Halafu msichana anavunja ungo, na hapo mchezo unakatika. Zamani mwali wa Kiluguru aliwekwa ndani kwa muda mrefu, akafundwa na makungwi, na kutoka kwake kulikuwa ngoma ya kijiji kizima. Leo kuwekwa ndani kumefupishwa au kumeachwa, wasichana wako sekondari, lakini wazo kwamba mwili wa msichana mkubwa usionekane ukikimbia hadharani limebaki katika nyumba nyingi. Mashirika yanayotaka wasichana wacheze huja na mabango na semina. Makungwi hawaitwi. Wanawake hao ndio wenye mamlaka ya kumwambia mzazi kwamba binti aliyefundwa vizuri anaweza kucheza na heshima yake ikabaki, na neno lao lina nguvu kuliko bango lolote. Tanzania ilipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 huko India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa mabao 2-1, nchi nzima ilishangilia. Bibi wa Kibungo au Tawa, huku milimani, aliyesikia habari hiyo redioni ana haki ya kuulizwa: je, mjukuu wako naye?

Na hapa ndipo njaa ya kiwanja inapopata dawa ambayo tumeipita mara nyingi bila kuiona. Kiwanja cha mpira wa pete kina urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Kwa eneo, kiwanja kimoja cha mpira wa miguu ni sawa na viwanja 15 vya namna hiyo. Kipande ambacho hakitoshi hata nusu ya kiwanja cha wavulana kinatosha pete yote, na nafasi ya watazamaji inabaki. Kukichonga ni kazi ya majuma machache kwa majembe ya kijiji. Pete ni mchezo ambao walimu wa kike wanaujua tangu shule ya msingi, mama zao waliucheza, hauna ugeni wa kuelezewa. Kama ningepewa nafasi ya kushauri halmashauri zinazogawana milima hii, ningesema: kila kijiji kianze na kiwanja cha pete. Katika jamii ambayo ardhi hutokana na mama, itakuwa haki kwamba ardhi ya kwanza ya michezo itengwe kwa ajili ya mabinti.

Tambarare za mkoa huuhuu zina somo lake. Kilosa na Mvomero ni nyumbani kwa Waparakuyo, ndugu wa Wamasai, wafugaji waliojitambulisha miaka mingi kuwa jamii ya asili yenye haki zake. Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, na tangu hapo mkoa umezika wengine, wakulima kwa wafugaji. Mpira hauchori mpaka wa malisho, wala hauwezi kufanya kazi ya mahakama na tume ya ardhi. Kupeleka bonanza la amani mahali ambapo mpaka haujapimwa ni kuwaomba watu wacheze juu ya kidonda. Ila michezo ina nafasi yake, na mfano ulio karibu uko ng'ambo ya mpaka, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya.

Huko Amboseli, wazee wa Kimasai wanaolea rika la morani waliona mwaka 2008 kwamba desturi ya kijana kujipatia sifa kwa kuua simba inakwisha, maana simba wanakwisha, na sheria inawafunga vijana. Wakatafuta njia nyingine ya kupima ushujaa. Mwaka 2012, kwa msaada wa shirika la uhifadhi la Big Life, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano waliyoyaita Olimpiki ya Wamasai. Morani kutoka kambi zao mbalimbali, yaani manyatta, walishindana kurusha rungu kulenga shabaha, kurusha mkuki, kukimbia mbio fupi na ndefu, na kuruka juu kwa mtindo wa adumu, kichwa kikitakiwa kugusa kamba. Wasichana nao waliwekewa mbio zao. David Rudisha, Mmasai aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka huohuo kwa dakika 1:40.91, akawa balozi wa mashindano hayo. Manyatta iliyoshinda ilipewa dume la mbegu.

Mambo mawili ya mfano huo yananigusa. Wazo lilitoka kwa wazee wenyewe, wenye mamlaka juu ya rika lile, na shirika likafuata. Na tuzo yao inazaa. Dume la mbegu linaingia kwenye boma, na baada ya miaka mitatu ushindi wa vijana unaonekana kwenye ndama wa watu wengi.

Hapo namrudia mbuzi wetu wa fainali. Mgeta ni miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako mbuzi wa maziwa walishika mizizi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipeleka huko mbuzi wa asili ya Norwei katika miaka ya 1980, na hadi leo Nyandira inajulikana kwa mbuzi hao. Bingwa wa kata akipewa mtamba wa mbuzi wa maziwa badala ya beberu wa kuchinjwa, timu inapata mradi. Mtoto wa kwanza anarudi kwa kamati kuwa zawadi ya mwaka unaofuata, maziwa yananunua mpira. Hakuna jambo geni hapo, ni kukopeshana mifugo kama wazee walivyojua.

Dunia nayo imekwisha kuitambua kwa maandishi haki ya jamii kuwa na michezo yake. Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, linataja katika ibara ya 31 haki ya jamii hizo kutunza na kuendeleza michezo yao na michezo ya jadi, pamoja na mbegu, dawa na fasihi simulizi. Wapo walioichukua haki hiyo kwa uzito mkubwa. Wahaudenosaunee wa Amerika ya Kaskazini, ambao lakrosi ni mchezo wa babu zao, wana timu yao ya taifa, nao husafiri kwa pasipoti zao wenyewe. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya dunia mjini Manchester kwa sababu Uingereza haikuzikubali pasipoti hizo, na hawakukubali kubeba nyingine. Serikali yetu imeshikilia kwamba Waafrika wote ni wa asili, na mjadala huo una pande zake. Kwa Mluguru wa Kinole, kwenye makao ya Chifu Kingalu ambaye jina lake sasa limewekwa kwenye soko kuu la Morogoro, suala ni la karibu zaidi: je, kijiji chake kinaamua chenyewe nini kichezwe, wapi, na na nani?

Kuhusu fedha, nina neno kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam. Maji mengi mnayokunywa yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inazaliwa katika milima hii. Watu wa Uluguru wamezuiwa kulima na kukata miti katika hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 2008, yenye zaidi ya hekta 24,000, kwa faida ya nchi nzima na ya mabomba yenu. Ardhi iliyobaki kwao imebana zaidi. Sehemu ya tozo za maji na mapato ya utalii wa mlimani ikirudi vijijini kama mawe ya kingo, miche ya nyasi na mifereji ya viwanja, hiyo itakuwa kulipa deni, na isiitwe msaada.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa ya matumizi ya jumuiya. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, kipande kinaandikwa kwenye daftari la ardhi ya jumuiya. Kikishaandikwa, hakuna diwani, mwalimu wala mwekezaji anayeweza kukigusa bila kurudi mbele ya mkutano uleule. Ukizuka ubishi wa ukoo, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 lazima wawe wanawake. Baada ya hapo kiwanja cha pete kinahitaji mianzi miwili iliyonyooka, iliyokatwa urefu wa mita 3.05 juu ya ardhi, na fundi wa kuchomelea wa kukunja nondo mbili kuwa pete zenye kipenyo cha sentimita 38.